Binti wa Mabati Alivyokosa Jua

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kugombana na jua, basi ni fundi Mabati. Kazi yake ilikuwa kuezeka, na alikuwa ameianza zamani kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Asubuhi alipanda juu ya kenchi za paa, shemeji yake akamnyooshea bati kutoka chini, yeye akalilaza, akalipigilia misumari, akasogea, akasubiri jingine. Ikifika saa sita mchana, bati lilikuwa halishikiki bila kitambaa. Jasho lilimwingia machoni, shingo ilimbabuka, na midomo ilimpasuka hadi akicheka anaumia. Akirudi nyumbani jioni hakutaka hata kusikia jua likitajwa.

Ndiyo maana kwake hapakuwa na upenyo wa jua kuingia. Baraza aliiezeka. Ua wa nyuma, ambako mkewe alikuwa akianika nguo, nao aliuezeka kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu. Mkewe alikuwa na cherehani ya kufuma masweta ya shule kwenye chumba cha mbele, na kila alipolalamika kwamba nguo hazikauki na zinanuka unyevu, jibu lilikuwa lile lile.

"Mimi nimeshaungua kwa niaba ya ukoo mzima," Mabati alisema. "Nyie kaeni kivulini mle raha."

Mtoto wao alikuwa mmoja, msichana wa miaka kumi na sita. Walimwita Profesa kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa hawezi kupita penye maandishi bila kuyasoma kwa sauti, hata yakiwa kwenye gunia la saruji. Mabati alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Alikuwa amemtafutia shule yenye sifa, ya ghorofa, yenye basi lake. Basi lilimchukua Profesa kabla hakujapambazuka, na lilimrudisha taa za barabarani zikiwa zimeshawashwa. Katikati ya hapo alikuwa darasani, ndani ya shati la mikono mirefu, sweta juu yake, sketi ya kufika kwenye vifundo na soksi. Mwisho wa juma alikuwa kitandani na vitabu, au kitandani na simu. Kutoka nje kuzurura Mabati alikuwa amekataza. Mtaa ulikuwa na vijana wengi wasio na shughuli, na yeye hakuwa na muda wa kuja kugombana na watoto wa watu.

Maumivu yalianza magotini. Halafu yakaja mgongoni, halafu kwenye mapaja. Profesa akiamka alikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla hajasimama, na akisimama alishika ukuta.

"Anakua huyo," mama yake alisema. "Hata mimi nilipokuwa narefuka niliumwa miguu."

Wakampeleka zahanati. Wakapewa dawa za maumivu. Waliporudi mara ya pili wakapewa dawa za minyoo, na mara ya tatu vidonge vya kuongeza damu. Profesa alivimeza vyote bila ubishi, na miguu ikaendelea kuuma. Kila safari muuguzi wa mapokezi alimuuliza Mabati maswali yale yale toka mwanzo, kana kwamba hajawahi kumwona, naye akarudi kazini akiwa amepoteza nusu siku na hasira zimemjaa kifuani.

Shuleni nako hawakuwa na la maana. Darasa la Profesa lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na mwalimu wa zamu alipiga simu kusema kwamba binti anakaa kwenye ngazi, anachelewa vipindi, na anawatia wenzake uvivu. Simu hiyo ilimkuta Mabati juu ya paa la ghala, jua likimchoma kisogoni. Jioni alimwita mtoto sebuleni.

"Mimi kwa umri huu napanda ngazi ya mbao kutwa nzima, na bati begani," alimwambia. "Wewe ngazi za saruji, tena zenye pa kushikia, zinakushinda?"

"Baba, siyo uvivu. Miguu inakuwa mizito."

"Simu haiwi nzito?"

Profesa aliinuka kwa kuegemea mkono wa kiti, akaenda chumbani. Mabati aliona alivyoinuka kwa shida, lakini akamwambia mkewe kwamba watoto wa siku hizi ni waigizaji.

Wiki hiyo hiyo Profesa akaanguka. Hakuanguka kutoka juu. Alikuwa ameshateremka ngazi zote za shule, imebaki ya mwisho, mguu ukakosa nguvu akaangukia ubavu. Wenzake walicheka kwanza. Walipoona hainuki, wakaenda kumwita mwalimu. Mabati alifika hospitali ya wilaya na misumari mifukoni, kila akitembea inalia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani. Aliishika picha ya eksirei kwenye mwanga, akaishusha, akaiinua tena.

"Mzee wangu, umesema alianguka kutoka wapi?"

"Ngazi ya mwisho. Hapo hapo chini."

"Ngazi moja haitakiwi kumvunja mguu msichana wa umri huu. Na mifupa yenyewe siipendi ilivyo." Akamgeukia Profesa. "Wewe mdogo wangu, huwa unatoka nyumbani saa ngapi?"

Akamuuliza na mengine: anarudi saa ngapi, mapumziko anakaa wapi, mara ya mwisho kucheza nje ilikuwa lini. Profesa alifikiri sana juu ya hilo la mwisho, akasema labda ni alipokuwa shule ya msingi. Daktari akaagiza apimwe damu. Profesa akafungwa mguu kwa plasta, wakarudi nyumbani, na siku ya majibu wakaitwa wote watatu, baba, mama na mtoto.

"Vitamini D iko chini sana," daktari alisema. "Bila hiyo mwili haushiki vizuri madini ya kujengea mfupa. Ndiyo maana anaumwa, ndiyo maana misuli imelegea, na ndiyo maana amevunjika kwa kuanguka kidogo vile."

"Niambie inauzwa wapi," Mabati alisema. "Naenda sasa hivi."

"Dawa nitampa, matone na vidonge. Lakini sehemu kubwa mwili hujitengenezea wenyewe, ngozi ikipigwa na jua."

Mabati alimtazama mkewe, akamtazama daktari, akitafuta anayecheka. Hakumwona. Basi akakunja mikono ya shati na kuiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, nyeusi, imepasuka pasuka, alama za kuungua zimejipanga mpaka kwenye viwiko.

"Daktari, hebu niangalie vizuri. Mimi jua nalifahamu. Huku kwetu limejaa mpaka tunalikimbia. Unaniambiaje mtoto wangu mimi, wa kwangu mimi, amekosa jua?"

"Jua liko nje, mzee wangu. Yeye yuko ndani."

Profesa akadakia. "Lakini mimi nakaa dirishani. Jua linanipiga mpaka daftari linapata moto."

"Kioo kinapitisha mwanga na joto," daktari alimweleza. "Ule mwonzi ambao ngozi inauhitaji unabaki hapo hapo kwenye kioo. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu zaidi kidogo kuliko weupe. Jua likishapanda juu, mikono na miguu iwe wazi, akae nje kiasi, siku kadhaa kwa wiki. Siyo mpaka aungue. Asubuhi sana na jioni sana haisaidii."

Mabati alitoka pale akiwa na hasira asiyojua aielekeze kwa nani. Jua likishapanda juu mtoto yuko darasani. Jua likishapanda juu baba mtu yuko kwenye paa, analipata la kumtosha yeye, mkewe, mtoto na wapangaji wote wa mtaa, na hakuna namna ya kumgawia yeyote. Na lile neno alilomwambia mtoto sebuleni, kuhusu ngazi za saruji, lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye kituo cha basi akasema, "Mwanangu, nilikuita mvivu." Profesa, aliyekuwa anahangaika na magongo, akasema, "Uliniita muigizaji pia, nilikusikia unamwambia mama." Yakaishia hapo, kwa sababu gari lilikuwa limefika.

Alilolikumbuka njiani ndilo lililomkosesha raha zaidi. Shule ya Profesa ilikuwa imempa kazi. Kati ya yale majengo ya ghorofa kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, mahali pekee ambapo wanafunzi wangeweza kusimama chini ya anga, na mwalimu mkuu alitaka uezekwe wote, ukuta hadi ukuta, uwe ukumbi wa kujisomea. Mabati alikuwa ameifurahia kazi hiyo. Kenchi zilikuwa zimeshachomelewa na kupakwa rangi, zinasubiri kupandishwa.

Akaenda kumwona mwalimu mkuu. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye ofisi iliyojaa vikombe vya mashindano ya masomo.

"Fundi, karibu. Nilikuwa nataka kukupigia. Tunapandisha lini?"

"Leo nimekuja kama mzazi, mwalimu."

Akamweleza yote, mguu, damu, mifupa. Mwalimu mkuu alimpa pole ya dhati kabisa. Halafu akasema kwamba wazazi kila siku wanamlalamikia kuhusu joto, kwamba kuna msichana alizimia gwarideni, na kwamba matokeo ya mwaka uliopita yalishuka.

"Basi angalau mrudishe kipindi cha michezo," Mabati alisema. "Kipo kwenye ratiba, lakini mtoto anasema siku hiyo wanafanya hisabati."

"Wazazi wenyewe ndio mlioomba. Tulipiga kura kwenye kikao. Nawe ulikuwepo, fundi, tena ulinyoosha mikono yote miwili tukakucheka."

Ilikuwa kweli. Mwalimu mkuu akamhurumia, akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa.

"Tufanye hivi. Weka zile bati za plastiki zinazopitisha mwanga. Watoto watapata jua na kivuli kwa pamoja."

Mabati aliteremka ngazi akiwa mwepesi. Aliwaza ukubwa wa zile bati na namna ya kuzipishanisha. Alikuwa ameshafika getini ndipo maneno ya daktari kuhusu kioo yakamrudia. Akampigia simu. Daktari akamwambia plastiki hiyo ni yale yale: mwanga utapita, joto litapita, wanachokihitaji hakitapita. Mabati akasimama pale getini na simu mkononi, mlinzi akamuuliza kama amefiwa.

Akarudi juu. Mwalimu mkuu alikuwa na wageni. Akasubiri kwenye benchi hadi wakatoka, akaeleza tena, akaomba nusu ya uwanja ibaki wazi. Hata robo. Hata ule upande wa bomba la maji tu.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema, na safari hii uchovu ulikuwa umeingia kwenye sauti, "juzi ulikuwa fundi, asubuhi ukawa mzazi, sasa umekuwa daktari. Mimi nina bodi. Bodi imepitisha ukumbi. Kama mtoto wako anaumwa, leta cheti tumruhusu akae nje wakati wa mapumziko."

"Nje wapi, mwalimu? Nje yenyewe ndiyo hiyo mnayoiezeka."

Mabati akamwambia atafute fundi mwingine.

Shemeji yake alipopata habari alikaa chini ya mti wa kivuli cha kubahatisha karibu na karakana, akashika kichwa.

"Ukiacha wewe, ataezeka mwingine. Paa litakuwepo vile vile. Umegoma kwa faida ya nani?"

"Sijui," Mabati alisema. "Ila mimi kwa mkono wangu siwezi."

"Hujagoma kwa ajili ya Profesa, umegoma kwa ajili ya hasira."

Kulikuwa na ukweli ndani yake, na hilo likamuudhi zaidi. Na kweli mwingine akaezeka, haraka haraka. Mabati alipita barabara ile akaona bati zimepishanishwa kinyume na upepo unakotokea, misumari imepinda, na zile za plastiki zimewekwa mistari miwili katikati kwa ajili ya urembo. Alisimama akatazama mpaka fundi wa juu akamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna.

Jumapili iliyofuata akapanda juu ya ua wa nyumbani kwake na mtaimbo. Mkewe alitoka cherehanini aliposikia misumari inang'oka.

"Baba Profesa, ndiyo nini tena?"

"Nafungua."

"Miaka yote nakuomba kwa ajili ya nguo hukusikia."

"Sasa nimesikia. Sogea, lisikuangukie."

Toka siku hiyo, siku ambazo hakuna shule, Profesa alitolewa kukaa uani saa nne, na gauni la mikono mifupi linaloishia magotini, mguu wenye plasta juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alilalamika kwamba haoni kioo cha simu. Alilalamika joto, nzi, na jirani anayechungulia. Shangazi yake, dada wa Mabati, alipokuja kumjulia hali alipiga kelele kabla hajakaa.

"Mnamchoma mtoto. Ameanza kuwa mweusi. Baadaye nani atamwangalia huyu?"

"Dada, kwanza asimame," Mabati alisema. "Wa kumwangalia tutamtafuta akiwa amesimama."

Matone na vidonge Profesa alivinywa kwa utaratibu, mwenyewe, bila kukumbushwa. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa umeunga. Daktari alipima damu tena akasema imepanda, bado haijafika, waendelee. Nguvu zilirudi polepole sana, hivi kwamba Mabati hakuweza kusema ni lini. Aliona tu kwamba mtoto ameacha kushika ukuta asubuhi. Siku moja aliinuka kwenye kiti bila kuegemea popote, akaenda zake jikoni, na baba na mama wakatazamana, wakiogopa kulitaja likaharibika.

Kikao cha wazazi kilifanyika ndani ya ukumbi mpya. Ilikuwa mchana, bati zimepata moto, na kule chini kulikuwa na joto la tanuri. Watu walijipepea kwa karatasi za matokeo. Mabati alisubiri mpaka kwenye ajenda ya mengineyo, akanyoosha mkono mmoja.

Alikuwa amejiandaa vizuri, lakini akisimama mbele ya watu maneno yalimkimbia. Akasema mtoto wake alivunjika mguu kwa kukosa jua. Kicheko kilianzia viti vya nyuma.

"Kukosa nini?" baba mmoja mwenye tai aliuliza. "Sisi hapa tunakaribia kuiva."

"Fundi sasa anauza jua," mwingine akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mabati akajaribu kueleza habari ya kioo na plastiki, lakini hasira ilimchanganya, akaanza kusema kuhusu bati zilizopishanishwa vibaya, na hapo hata wale waliokuwa wanamsikiliza wakampoteza. Mwalimu mkuu akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akafunga mada. Mabati akatoka nje huku masikio yanawaka, akijitukana njia nzima. Mambo ya maana alikuwa nayo yote kichwani, na yaliyomtoka mdomoni yalikuwa ya misumari.

Alikuwa anakaribia geti aliposikia viatu nyuma yake. Alikuwa mama mmoja aliyevaa sare ya duka la dawa za kilimo, anahema.

"Samahani baba. Huyo binti yako, ilianzaje?"

"Magoti."

"Na mgongo?"

"Na mgongo. Na akisimama anashika ukuta."

Yule mama akatazama chini. "Kijana wangu hivyo hivyo. Alikuwa mchezaji, sasa hata kwenda dukani hataki. Baba yake anamwita mvivu."

"Mwambie asimwite hivyo," Mabati alisema. "Mimi nilimwita, na mpaka leo nikikaa mezani naye nalikumbuka."

Akamtajia kipimo chenyewe, akalirudia jina mpaka yule mama akalishika, akamwambia aende hospitali ya wilaya amuulize daktari kijana mwenye miwani, na asikubali kupewa dawa za minyoo bila damu kupimwa. Yule mama akashukuru, akaondoka haraka kwenda kumtafuta mwanawe.

Mabati alikuwa amepanga kwenda nyumbani. Badala yake akabaki pale getini. Kikao kilipokwisha na wazazi wakaanza kutoka, akawa anawasimamisha mmoja mmoja. Habari, mzazi mwenzangu, mtoto wako analalamika miguu? Wengi walimpita. Yule mwenye tai alimpiga bega kwa utani akaenda kwenye gari lake. Mzee mmoja alisimama, akasikiliza hadi mwisho, akasema atafikiria. Akina mama wawili walisimama kwa sababu ya adabu tu, lakini mmoja wao akauliza kipimo kinaitwaje.

Siku ya kikao wanafunzi waliruhusiwa mapema, na Profesa alitokea na begi mgongoni, akatembea mpaka alipo baba yake. Alikuwa ameshuka ghorofa zote, na hakuwa anahema.

"Baba, twende. Wenzangu wanatuangalia."

"Wewe kasimame pale nje ya geti, penye jua," Mabati alisema. "Kuna mzazi mwingine anakuja."